Kukinga kinyungu na barafu ya Juni na Julai

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia simu alfajiri kutoka kijijini kwake, huku huku Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako ana kinyungu, yaani bustani ya bondeni. "Mwanangu, njoo uone. Theluji imeanguka, kinyungu chote cheupe kama kimemwagiwa unga." Nilipofika, jua lilikuwa limeshayeyusha ule weupe. Majani ya viazi yalikuwa yamelegea na kulowa kama mboga iliyochemshwa, na kufikia mchana yakawa meusi. Nusu ya kinyungu ilikuwa imeungua. Nusu iliyobaki, pamoja na miche yake ya parachichi, tumeikinga kwa siku nne mfululizo, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Theluji huanguka kutoka mawinguni. Hii ya kwetu, kuanzia Mufindi na Njombe mpaka Makete na uwanda wa Kitulo, ni sakitu, ingawa wengi tunaiita barafu tu. Haianguki. Usiku usio na wingu ardhi hupoteza joto lake kwenda angani, majani yanapoa kuliko hewa yenyewe, na unyevu unaganda juu yake. Kwa hiyo usiogope mawingu. Ogopa anga safi.

Hatua ya 1: Utambue usiku wa hatari

Upepo umetulia, hakuna wingu, nyota zimejaa. Kuhusu utabiri wa kwenye simu, mimi siutegemei kwa kazi hii. Vituo hupima hewa kwenye kimo cha kama mita moja na nusu, na kiazi hakiishi huko juu. Hewa ya kimo hicho inaweza kuwa nyuzi 3 wakati jani la chini limeshafika 0. Nunua kipimajoto cha kawaida, ukifunge kwenye kijiti usawa wa majani, ukichomeke hapo hapo kinyunguni. Kisome kabla jua halijachomoza. Kikionyesha nyuzi 3 au chini, na mchana anga likabaki safi, jioni hiyo funika.

Hatua ya 2: Fuata njia ya baridi

Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni. Vinyungu vyetu tunavilima bondeni kwa sababu ya unyevu, basi ndivyo vinavyopigwa kwanza. Kwa mama mdogo kulikuwa na uzio mnene wa matete upande wa chini kabisa, umeizuia baridi kama bwawa. Tulikata pengo la hatua tatu ili ipite. Msimu ujao viazi na maharage vitapanda juu kidogo ya mteremko, na chini zitabaki kabichi, njegere na vitunguu saumu, ambavyo huvumilia.

Hatua ya 3: Mwagilia mchana

Saa sita hadi saa nane, udongo ulowe vizuri. Udongo wenye maji hutunza joto la jua kuliko mkavu. Matandazo, yaani nyasi zinazofunika udongo, yasogeze pembeni kwa siku hizo, maana yanazuia joto la ardhini lisipande kwenye majani.

Hatua ya 4: Funika

Hapa ndipo nilipopoteza bustani yangu mwenyewe miaka ya nyuma, kwa hiyo nisome taratibu.

Nilikuwa na nailoni mpya, nyeupe, nzuri. Saa nne usiku nikahisi baridi imezidi, nikachukua tochi, nikaitandika moja kwa moja juu ya viazi na kuibana kwa mawe. Nilifanya kazi hiyo mpaka saa saba, vidole vimekufa ganzi. Asubuhi kila jani lililogusa nailoni lilikuwa limeungua, na yaliyopona ni yale machache yaliyokuwa kwenye mikunjo iliyoinuka.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, muda. Kifuniko hakitengenezi joto, kinazuia lililopo lisitoke, na saa nne lilikuwa limeshaondoka. Funika saa kumi na moja jioni, udongo ukiwa bado na uvuguvugu. Ukiweka kiganja chako ardhini utausikia.

La pili, kugusana. Nailoni hupoa haraka sana, na jani linalogusana nayo hupoa pamoja nayo. Pinda fito za mianzi ziwe upinde juu ya tuta, kiasi cha kiganja kimoja juu ya majani, ndipo utandike. Na kama una uchaguzi, achana na nailoni. Mashuka makuukuu, vitenge, viroba vya mbolea vilivyopasuliwa na kuoshwa, vyote ni bora. Kwa miche ya parachichi mimi napenda nyasi za kuezekea: chomeka fito nne, zifunge juu kama kibanda, zungushia nyasi.

Kifuniko lazima kifike chini mpaka udongoni. Nimeona watu wakikivisha kichwa cha mche kiroba na kukifunga kwenye shina. Hapo umeufungia mche nje ya joto, kwa sababu joto linatoka ardhini.

Asubuhi usifunue mapema. Subiri jua liguse bustani na barafu ya juu ya kifuniko iyeyuke, kisha funua vyote ili udongo ule jua tena. Ukiacha vimefunikwa mchana kutwa, jioni utakuwa huna joto la kutunza.

Hatua ya 5: Moto, kama huna jinsi

Moshi peke yake hausaidii. Kinachosaidia ni joto. Mioto midogo mingi ni bora kuliko mmoja mkubwa, ambao hupeleka joto lake juu likapotea. Mimi siwashi. Kiangazi nyasi ni kavu, na misitu ya mipaini iko jirani.

Hatua ya 6: Vilivyoungua

Usikate haraka. Mama mdogo alikuwa ameshashika panga, nikamwomba, "Mama, tuipe wiki mbili." Kwenye parachichi, majani makavu yanakinga vichipukizi kwa usiku unaofuata, kata baridi ikishapita na ukishaona mti ulio hai unaishia wapi. Usiweke mbolea ya yurea sasa, itasukuma machipukizi laini yatakayoungua tena. Viazi vichanga huchipua upya kutoka chini. Jana tulifukua shina moja taratibu kwa vidole: juu limekauka, lakini chini ya udongo kulikuwa na chipukizi jeupe la urefu wa ukucha. Tumelifukia tena.