Kidole gumba cha mguu kikikaza, anza na kiatu

Mimi ni fundi viatu, Chake Chake, na kidole gumba cha mguu wangu wa kulia hakikunjiki sawasawa. Gegedu la kiungo, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika, mfupa ukaota kinundu juu. Ndiyo maana huuma pale unaponyanyua kisigino ili upige hatua.

Kwanza hakikisha si jongo, yaani ugonjwa wa gauti. Jongo huvamia ghafla, aghlabu usiku; kidole huwa chekundu, cha moto, hata shuka likikigusa huvumilii. Hapo nenda hospitali. Mwenye kisukari asingoje chochote.

Sasa kiatu. Kishike kisigino na ncha, ukikunje. Kikikunjika penye vidole kama chapati, ndicho kinachokutesa. Kandambili ndiyo mbaya kabisa, ingawa najua sote tunazo mlangoni. Tafuta soli ngumu, iliyonyanyuka kidogo mbele, yenye nafasi juu ili kinundu kisisuguliwe. Kiatu chako kizuri lakini laini? Fundi atakutilia kipande cha plastiki ngumu chini ya soli ya ndani.

Katika sala, kikao cha tahiyatu ndicho kinachouma, vidole vinapokunjwa. Laza mguu, au kalia kiti. Mwenye udhuru ana ruhusa.

Kikivimba, weka barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15. Uvimbe ukitulia, kikunje taratibu juu na chini, bila kulazimisha. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aulize kabla ya kumeza vidonge vya maumivu. Yakizidi, kuna upasuaji: wengine huchongwa kinundu, wengine huunganishwa mifupa ya kiungo iwe mmoja, maumivu yakaondoka na kukunjika nako.