Kuisoma massa ya shaba ya Polonnaruwa, hatua kwa hatua

Massa ni sarafu ndogo ya shaba ya wafalme wa Polonnaruwa, Sri Lanka. Ugumu wake ni mmoja: zote zinafanana kama pacha, na kinachozitofautisha ni jina la mfalme tu.

1. Usiisugue. Najua mikono inawasha. Sinia la shaba tunalipiga ndimu na majivu mpaka linang'aa, lakini sarafu ya miaka 800 ukiifanyia hivyo, jina la mfalme linakwenda na maji. Iloweke usiku kucha kwenye maji ya betri (yale safi, si asidi!), kisha chokoa udongo kwa kijiti cha meno. Ukijani mgumu uache ulivyo.

2. Ipime. Gramu 4 hivi, upana milimita 20 hivi.

3. Tafuta upande wa maandishi. Upande mmoja mtu amesimama, wa pili ameketi. Maandishi, ya Nagari (herufi za Kihindi), yako kuume kwa picha ya aliyeketi. Usishangae mtu mwenyewe akionekana kama mafundo ya waya. Mchoro ni wa Wachola, watawala wa India Kusini, wa sarafu za mfalme wao Rajaraja wa Kwanza (985–1014). Mfalme Vijayabahu wa Kwanza aliwafukuza Wachola kisiwani lakini mchoro wao akaubakiza. Kama umezoea sarafu za Kilwa, maandishi matupu ya Kiarabu pande zote mbili, hapa jicho litahitaji siku kadhaa.

4. Soma jina. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, iweke chini ubavuni mwa sarafu, kisha izungushe sarafu polepole. Vivuli ndivyo vinavyosoma, si macho.

Juu utakuta "Sri", neno la heshima. Haikusaidii, wanayo wote. Chini mara nyingi ni "bahu", nayo haikusaidii: Vijayabahu, Parakramabahu na Bhuvanaikabahu wote wanaishia hapo. Mimi mwanzoni nilikuwa nikiona "bahu" nashangilia, naandika Parakramabahu, kwa kuwa ndiye maarufu. Kazi iko katikati. Tafuta "vi", "pa" au "bhu", ukilinganisha na picha za sarafu zilizokwisha kutambuliwa, maana herufi za Nagari za leo zimebadilika kidogo.

Ukikuta "raja" chini ya "Sri", kisha "la" mbili zimefuatana, tulia: huyo ni Malkia Lilavati, mjane wa Parakramabahu wa Kwanza, aliyetawazwa mara tatu kati ya 1197 na 1212. Ukikuta "Dharmasoka", umeshika sarafu ya mtoto aliyewekwa kitini mwaka 1208 akiwa na miezi mitatu.

5. Kagua ukingo. Mstari wa kiungo kuzunguka ukingo, au vitundu vya mapovu, maana yake imemiminwa kwenye kalibu. Za kweli ziligongwa.

6. Andika lebo. Uzito, upana, na herufi ulizoziona tu. Muhuri mara nyingi uligonga pembeni, jina likakatika. Kwenye sanduku langu zipo kumi na moja zilizoandikwa "Sri … bahu", basi.