Namna ya kufuatilia mapambano ya demokrasia katika nchi za Kiarabu: tuanzie Tunisia

Anayetaka kuelewa kwa nini umma unaweza kumng'oa mtawala na bado ukashindwa kuung'oa utawala wa kidikteta, aanze na Tunisia, kwa sababu huko ndiko vuguvugu la mwaka 2011 lilikoanzia, na huko ndiko matunda yake yalikodumu kuliko kwingineko kabla ya kuporwa.

Jambo la kwanza ni kutafuta nani alikuwa amejipanga kabla ya maandamano. Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa Sidi Bouzid, alijichoma moto tarehe 17 Desemba 2010 baada ya kunyang'anywa bidhaa zake, na Zine El Abidine Ben Ali, aliyetawala tangu 1987, alikimbilia Saudi Arabia tarehe 14 Januari 2011. Hasira peke yake isingefanya kazi hiyo kwa siku 28. Shirikisho la wafanyakazi la UGTT, lililoundwa mwaka 1946, lilikuwa na matawi, wanachama na uzoefu wa kugoma, na matawi yake ya mikoani ndiyo yaliyoitisha migomo mikubwa, ukiwemo ule wa Sfax siku mbili kabla ya Ben Ali kuondoka. Kwa hiyo, ukisoma habari za maandamano popote pale, tafuta vyama vya wafanyakazi, wanasheria na walimu kabla ya kuhesabu watu uwanjani.

Kisha litazame jeshi. Nchini Misri, Hosni Mubarak alipojiuzulu tarehe 11 Februari 2011, madaraka yalikwenda kwa Baraza Kuu la Majeshi, na Julai 2013 jeshi hilo hilo likampindua Mohamed Morsi, rais aliyechaguliwa na wananchi. Tazama pia majirani: Machi 2011 askari wa Saudi Arabia waliingia Bahrain, na maandamano ya huko yakazimwa.

Sehemu inayohitaji uvumilivu zaidi ni katiba, nayo ndiyo wengi huiruka. Chukua Ibara ya 80 ya Katiba ya Tunisia ya mwaka 2014 uisome polepole. Ilimruhusu rais kuchukua hatua za dharura nchi inapokabiliwa na hatari, lakini ilimtaka ashauriane na waziri mkuu na spika, ilitaka bunge liendelee kuwa katika kikao wakati wote wa dharura, na ilitoa nafasi, baada ya siku 30, ya kuiomba Mahakama ya Katiba iamue kama dharura bado ipo. Mahakama hiyo haikuwahi kuundwa, kwa kuwa wabunge walivutana miaka na miaka bila kufikia theluthi mbili ya kura zilizohitajika kuwachagua majaji wa upande wao. Ndiyo maana tarehe 25 Julai 2021, Rais Kais Saied alipolisimamisha bunge na kumfuta kazi waziri mkuu kwa kuitaja ibara hiyo, hapakuwa na chombo cha kumwambia kwamba ameivunja. Usisahau kwamba usiku ule wananchi wengi walishangilia barabarani, wakiwa wamechoshwa na vyama, hali ngumu ya maisha na vifo vya korona. Asiyekubali kuitazama furaha ile hataelewa kilichofuata: Februari 2022 Saied alilivunja Baraza Kuu la Mahakama, chombo kilichosimamia uteuzi na nidhamu ya majaji, na Juni akawafukuza majaji 57.

Matokeo ya uchaguzi yasome kwa kuanzia na idadi ya waliojitokeza. Saied alitangazwa mshindi Oktoba 2024 kwa kura zaidi ya asilimia 90, ilhali waliopiga kura hawakufika asilimia 30 ya walioandikishwa, na kati ya wagombea wawili tu walioruhusiwa kushindana naye, mmoja alikuwa gerezani.

Baada ya hapo, fuatilia mahakama. Aprili 2025 wanasiasa wa upinzani, mawakili na wafanyabiashara walihukumiwa mjini Tunis kwa kula njama dhidi ya usalama wa taifa, kwa vifungo vilivyofikia miaka 66. Katika kila kesi ya namna hiyo, angalia kama washtakiwa walifikishwa mbele ya hakimu ana kwa ana. Katika kesi hii, waliokuwa mahabusu walitakiwa kusikilizwa kwa njia ya video wakiwa gerezani, na mawakili wao walilipinga jambo hilo tangu mwanzo.