Lishibishe zege maji kabla ya kulipima
Ukipima zege la barabara linavyotanuka kwa joto, usikimbilie kutia kipande kwenye beseni la nyuzi 10 hadi 50. Kiloweke kwanza saa 48 kwenye maji ya chokaa (maji matupu hunyonya chokaa ya zege lenyewe), kipanguse, kipime uzito, urudie kesho yake. Uzito ukiongezeka chini ya asilimia 0.5, kimeshiba; endelea na kipimo cha joto. Zege lenye unyevu nusunusu hutanuka kuliko lililoshiba. Juzi hapa Industrial Area vipande viwili vya mchanganyiko mmoja vilinipa majibu tofauti, nikailaumu mashine bure, kumbe ni tofauti ya unyevu. Ila kwa barabara ya Nairobi mwezi Januari, ambayo haijashiba maji, kipimo hiki huenda kikawa kidogo kuliko hali halisi.