Kabla ya Kununua Kioo Kipya: Namna ya Kupima Taa ya Simu na Kihisi cha Kidole

Simu inayoita, inayotetemeka na kupokea ujumbe huku kioo chake kikiwa cheusi tii haijafa, na mara nyingi hata kioo chenyewe hakijafa. Nimekaa na simu za watu hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka 13, na katika muda huo nimeona wateja wengi waliotozwa bei ya kioo kizima wakati kilichozima ni taa ya nyuma yake, na wengine walionunua kihisi kipya cha alama za vidole wakati cha zamani kilikuwa kizima na shida ilikuwa kwenye ngozi ya kidole. Jambo hili linaniuma, kwa sababu vipimo vya kutenganisha hitilafu hizo havihitaji mashine. Vingi vinahitaji tochi, kitambaa safi na subira ya dakika 10. Nitavieleza kwa mpangilio ninaoufuata mimi mezani, na panapohitaji mita ya kupimia umeme au kuchomelea nitasema wazi, ili mwenye simu ajue aishie wapi na kijana anayejifunza ufundi ajue aanzie wapi.

Kwanza, ujue aina ya kioo chako

Kioo cha LCD hakina mwanga wake chenyewe. Fuwele za kimiminika zilizo ndani yake hufanya kazi ya mapazia madogo mno, yanayofungua na kufunga njia ya mwanga unaotoka nyuma. Mwanga huo hutolewa na taa za LED, kila moja haizidi punje ya mchele, zilizopangwa kwenye ukingo mmoja wa bamba la plastiki angavu. Bamba huupokea mwanga ubavuni na kuusambaza uso mzima. Chini yake kuna karatasi inayong'aa ya kuurudisha mwanga juu, na juu yake kuna karatasi nyembamba za kuutawanya na kuuelekeza kwa mtazamaji. Ukiziangalia taa hizo kwa karibu zikiwa zimezimwa utaona zina rangi ya manjano, kwa sababu ndani ni taa ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa fosfa unaogeuza sehemu ya bluu kuwa manjano, na macho yetu huuona mchanganyiko huo kuwa mweupe. Kazi ya kupata LED ya bluu iliyo angavu na isiyokula umeme mwingi ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kompyuta mpakato za zamani zilitumia mirija myembamba yenye zebaki mahali pa taa hizo, na ukiipata moja usiuvunje mrija wake.

Kioo cha OLED ni kitu kingine kabisa: kila nukta yake huwaka yenyewe, na hakuna taa ya nyuma. Kama kioo bado kinafanya kazi, ingia nacho kwenye chumba chenye giza ufungue picha iliyo nyeusi yote. Ukiona weusi wenye ukungu wa kijivu, hasa pembeni, hiyo ni LCD, maana taa inaendelea kuwaka nyuma ya mapazia yaliyofungwa. Ukishindwa kuutofautisha uso wa simu na giza la chumba, hiyo ni OLED. Kama kioo kimeshazima, tafuta sifa za modeli ya simu hiyo kabla ya kuendelea, kwa sababu kipimo kinachofuata ni cha LCD peke yake.

Kipimo cha tochi

Washa simu na kuipa muda wa kutosha kumaliza kuwaka. Kaa kivulini, bonyeza batani ya kuwashia, kisha chukua tochi ya simu nyingine uiweke karibu sana na kioo, ikimulika kwa mshazari na si kwa kusimama wima, na usogeze macho taratibu huku na huko. Tafuta tarakimu za saa. Ukiziona hata kwa kufifia, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni, basi fuwele zinachora picha, bodi inatuma picha, na kilichokosekana ni mwanga. Kioo hicho hakistahili kutupwa kabla ya kupimwa zaidi. Usipoona kitu, rudia mara mbili au tatu, maana kioo hujizima baada ya sekunde chache na mtu hudhani ameshapata jibu.

Kabla ya kugusa mita, fungua simu, chomoa betri, chomoa flati ya kioo, yaani utepe wa waya unaokiunganisha na bodi, na uangalie soketi yake kwa lenzi. Katika mji wa pwani kama wetu hatua hii haikwepeki. Mama mmoja anayeanika dagaa alikuwa akiiweka simu yake kwenye pindo la kanga, na simu hiyo haikuwahi kuangukia maji hata siku moja. Lakini nilipoinua flati niliona vijipini viwili vimeota ukungu wa kijani, na kimoja kati yake ndicho kilichopeleka umeme kwenye taa. Chumvi iliyo katika unyevu wa hewa na jasho hutosha kuila shaba polepole. Safisha kwa brashi laini iliyochovywa kwenye alkoholi ya aisopropili, iache ikauke kabisa, kisha rudisha flati na ujaribu. Nawasihi vijana waache kutumia thina na petroli kwa kazi hii: huyeyusha gundi, na zikipenya hadi kwenye karatasi za mwanga huacha madoa yasiyotoka.

Kama taa bado haiwaki, sasa ni kazi ya mwenye mita. Betri ya simu hutoa takribani volti 3.7 hadi 4.2, ilhali LED moja nyeupe huhitaji karibu volti 3, na taa zikifungwa sita kwa mfululizo huhitaji karibu volti 18. Kwa hiyo bodi ina sakiti ya kupandisha umeme: koili, diodi, kapasita na chipu inayowasha na kuzima mkondo wa koili kwa kasi kubwa. Weka mita kwenye kipimo cha volti, mguso mmoja kwenye ardhi ya bodi, yaani upande wake hasi, na mwingine kwenye kapasita iliyo baada ya diodi, kisha washa simu. Ukikuta sifuri, njia imekatika kabla ya hapo, na koili ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ukikuta umeme unaokaribiana na wa betri tu, koili na diodi zinapitisha lakini chipu haipandishi. Labda ni mbovu, labda haipewi amri. Ukikuta umeme unaruka juu kuliko taa zinavyohitaji kisha unashuka, chipu inafanya kazi lakini mbele yake hakuna njia, kwa maana ya kwamba flati imekatika au LED moja imeungua na kuikata safu nzima. Ni hali hii ya mwisho tu, flati ikiwa haitengenezeki, inayoweza kunifanya nimwambie mteja anunue kioo, na hata hapo namwonyesha mita.

Kwa televisheni yenye sauti bila picha, kipimo cha tochi ni kilekile, lakini safu zake za LED zinaweza kupewa umeme unaozidi volti 100, na kapasita kubwa ya usambazaji hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Asiyefundishwa asiifungue.

Kidole kinapokataliwa

Mzee mmoja fundi mwashi kutoka Pongwe alinijia jioni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, simu hii asubuhi inanikubali, jioni inanikana." Maneno hayo yalitosha kuwa kipimo, kwa sababu kihisi kibovu hakichagui saa. Ili kuhakikisha, tulisajili kidole cha mjukuu aliyemsindikiza, na simu ikamkubali mara 10 mfululizo. Kihisi kilikuwa kizima. Tulikifuta kidole cha mtoto papo hapo mbele ya mwenye simu, na hili nalisisitiza: fundi anayesajili kidole cha majaribio bila kukifuta amejiachia ufunguo wa nyumba ya mtu.

Kihisi chake kilikuwa cha ubavuni, cha aina inayopima chaji ya umeme. Juu ya kihisi hicho kuna maelfu ya vyumba vidogo, kila kimoja na upana wa karibu mikromita 50, na ngozi ya kidole ina matuta na mifereji inayofuatana kwa umbali wa karibu nusu milimita. Tuta likigusa, chaji ya chumba kilicho chini yake huongezeka. Mfereji, kwa kuwa una hewa, huibadilisha kidogo tu. Picha hupatikana kutokana na tofauti hiyo. Jasho, mafuta ya kupikia au maji ya bahari yakiijaza mifereji, tofauti hupotea. Saruji na chokaa huyasaga matuta yenyewe na kuikausha ngozi, na wakata mkonge wana shida hiyohiyo. Wengi wao waliipata pia katika usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, waliporudishwa mara kwa mara wakajaribu kidole kingine, na si kwamba walikuwa wakibonyeza vibaya.

Suluhisho ni kusajili upya kwa akili. Safisha kihisi kwa kitambaa kikavu, nawa mikono kwa sabuni, kausha, na kama ngozi imekauka mno paka mafuta kidogo na ungoje yanywewe. Futa alama za zamani zote. Sajili ukiwa umeshika simu kama unavyoishika kila siku, si ikiwa mezani, na uzungushe kidole ili ncha na pembe zake zisomwe pia. Kidole kilekile kinaweza kusajiliwa mara mbili kama vidole viwili tofauti; kwa mzee yule tulisajili kidole gumba mara moja asubuhi ya mapumziko na mara nyingine jioni baada ya kazi, tukaongeza cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki mwiko. Makosa makubwa ni kusajili wakati wa likizo, matuta yakiwa yameota vizuri, kisha kurudi kwenye saruji na kuilaumu simu.

Mwanga na kidole vinapokutana

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Simu nyingi za OLED sasa zina kihisi chini ya kioo, na zipo aina mbili. Moja hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na kusoma mwangwi wake, kama Samsung Galaxy S10 ya mwaka 2019. Nyingine, iliyouzwa kwanza kwenye Vivo X20 Plus UD mwaka 2018, ni kamera ndogo iliyo chini ya kioo: unapoweka kidole, nukta za OLED huwaka kwa nguvu mahali hapo, mwanga hugonga ngozi na kurudi chini kupitia nafasi zilizo kati ya nukta. Ukiona duara linalong'aa chini ya kidole chako, yako ni ya aina hii ya pili.

Sasa fikiria mteja aliyevunja kioo cha OLED na kuuziwa kioo cha bei nafuu cha LCD kilichotengenezwa kuingia kwenye simu hiyohiyo. Picha inaonekana, tachi inafanya kazi, lakini kidole hakisomwi tena. Kihisi hakijaharibika. Kati yake na kidole sasa kuna bamba la mwanga, karatasi za kutawanya na ile karatasi inayong'aa ya kurudisha mwanga, ambayo imewekwa makusudi ili mwanga usipite kwenda chini. Wavumbuzi wamehangaika na ukuta huo kwa kutafuta karatasi zinazopitisha mwanga wa infraredi huku zikirudisha ule unaoonekana, lakini kioo nafuu cha kubadilishia hakina kitu hicho. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela uliza swali moja: "Kioo hiki ni OLED au LCD?" Bei ya LCD inaweza kuwa sahihi kwa mfuko wako, ilimradi umeambiwa mapema unachokiacha.

Hata ukiweka OLED, futa alama zote na usajili upya, na ujue kwamba baadhi ya simu huhitaji kihisi kirekebishwe kupitia menyu ya mafundi. Angalia pia protekta: ile nene ya kioo inayoacha hewa chini yake huvizuia vihisi vya sauti. Mwaka 2019 Samsung yenyewe ilikiri kwamba michoro ya baadhi ya makava ya silikoni yaliyofunika kioo ilitambuliwa na simu kama alama ya kidole, na watu wengine wakaweza kufungua, ndipo ikatoa marekebisho ya programu. Ukibadilisha protekta, sajili upya bila kitu chochote cha ajabu juu yake.

Kwa iPhone zenye batani ya kidole, kuanzia 5s ya mwaka 2013, batani hiyo imefungamanishwa na bodi yake. Ukiwekewa nyingine, kidole hakitasomwa. Batani ya awali ihamishiwe kwenye kioo kipya kwa uangalifu, na usiondoke bila hiyo.

Mwisho, mtake fundi aunganishe flati ya kioo kipya na kukijaribu kabla ya kupaka gundi. Fungua picha nyeupe utafute madoa ya mwanga, fungua nyeusi uhakikishe ni aina uliyolipia, weka kidole mara 10, kisha ndipo gundi ipakwe, na kioo cha zamani ukichukue.