Kuhama Kutoka Mrengo wa Kushoto Kwenda wa Kulia: Mwongozo kwa Mtanzania

Watanzania tumezoea kuona watu wakihama vyama, lakini ni nadra kumwona mtu akihama mrengo. Edward Lowassa aliondoka CCM Julai 2015, akagombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, na Machi 2019 akarejea alikotoka; mazungumzo ya mitaani na magazetini yalihusu nani kamfuata nani na nani atafuata, wala hayakuhusu sana maoni yake juu ya ardhi, kodi au mashirika ya umma. Kingunge Ngombale-Mwiru, aliyehesabika kwa miaka mingi kuwa mmoja wa walimu wakuu wa itikadi ya Ujamaa, naye aliachana na CCM Oktoba 2015 bila kujiunga na chama kingine, na sijapata kumsikia mtu akidai kwamba siku ile alikuwa amegeuka bepari. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwingine kabisa: yule aliyelelewa katika fikra za Ujamaa, ambaye sasa anajikuta akiamini kwamba mali binafsi, soko huria na serikali isiyojiingiza katika kila jambo vingeifaa nchi yake zaidi, na ambaye angependa kuhama kwa utaratibu bila kujidanganya mwenyewe. Ushauri wangu kwake ni kwamba fikra zitangulie na kadi iwe ya mwisho.

Anza kwa kujua vizuri mahali unapoondoka. Tafuta Azimio la Arusha la mwaka 1967 ulisome lote, maana wengi wanaolikataa, kama ilivyo kwa wengi wanaolisifu, wanalijua kwa nyimbo na kaulimbiu tu. Soma hasa sehemu inayotaja njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa mikononi mwa umma, kisha sehemu ya miiko ya uongozi, inayomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Weka alama kwenye kila sentensi ambayo bado unaiamini. Ukikuta kwamba alama zako zimejaa kwenye miiko na hazipo kabisa kwenye utaifishaji, umejifunza jambo muhimu: huenda kinachokukera ni mashirika ya umma yaliyofilisika, ilhali maadili ya usawa bado unayathamini, na hakuna sheria ya mrengo wa kulia inayokulazimisha kuyatupa.

Baada ya hapo fuatilia jinsi nchi yenyewe ilivyohama, kwa kuwa ilihama kimyakimya. Mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza ile miiko ya uongozi. Na katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yakabinafsishwa. Hata hivyo Ibara ya 3 ya Katiba bado inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kijamaa, na Ibara ya 24 ya Katiba hiyohiyo inampa kila mtu haki ya kumiliki mali. Msomaji anayetaka kuhama hana budi kuliona hili mapema, kwa sababu huenda akadhani anafanya mapinduzi makubwa ya nafsi, kumbe anaifuata tu serikali yake ilikokwisha kufika zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Swali la kujiuliza ni kama unataka kwenda mbele zaidi ya hapo ilipofika, na kwa umbali gani.

Usichanganye mila na mrengo. Maneno kushoto na kulia yalizaliwa Ufaransa mwaka 1789, pale wajumbe waliotaka mfalme abaki na nguvu walipoketi upande wa kulia wa mwenyekiti wa Bunge lao, na huko Ulaya na Marekani mtu wa kulia mara nyingi anatambulika kwa msimamo wake juu ya dini na familia. Kwetu kipimo hicho hakipimi kitu. Mjamaa wa Dodoma na mfanyabiashara wa Kariakoo wanaweza kutofautiana juu ya nani aendeshe bandari na wakakubaliana kabisa juu ya ndoa, mahari na heshima kwa wazee. Kwa hiyo kama sababu yako ya kusema umehamia kulia ni kwamba unasali sana au hupendi mavazi ya vijana wa siku hizi, bado hujaondoka ulipokuwa.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye mambo yaliyotokea. Chukua daftari, uandike tukio moja la uchumi unalolifahamu, kisha uandike ungeamua nini kama ungekuwa na mamlaka na kwa sababu gani. Mimi ningependekeza uanze na korosho za msimu wa 2018, kwa kuwa hakuna mtihani mgumu kuliko huo. Wakulima wa Kusini walikataa bei za mnada, wanunuzi wakasuasua, na mwezi Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo hayakutoka kwa mkupuo mmoja. Kulifanyika uhakiki wa mashamba ili kumtenga mkulima halisi na mtu wa kangomba, yaani yule anayenunua korosho kwa mkulima nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya chini, mara nyingi kabla ya msimu, halafu anazipeleka ghalani kama zake.

Mtu wa kushoto anaitazama kangomba kama unyonyaji usio na kificho: mkulima ana njaa mwezi wa sita, mwenye fedha anakuja na noti mkononi, na ifikapo Oktoba jasho la mwaka mzima linakuwa mali ya mwingine. Mtu wa kulia atakuambia kwamba yule mwenye noti ameuza kitu ambacho hakuna benki iliyokubali kumuuzia mkulima, yaani fedha ya leo kwa mazao ya kesho, na kwamba dawa yake ni wakopeshaji wengi wanaoshindana. Askari ghalani hawapunguzi ile njaa ya mwezi wa sita. Atasema pia kwamba mnunuzi aliyeona serikali ikichukua zao zima kwa amri atafikiri mara mbili kabla ya kurudi msimu unaofuata. Lakini hapo hapo mtu wa kulia ana deni la kujibu: pale ambapo wanunuzi mnadani ni wachache na wanafahamiana, je, hilo ni soko au ni jina tu la soko? Asiyeweza kulijibu swali hili bila kukimbilia kaulimbiu bado hajawa tayari kuhama, na asiyeweza kuieleza hoja ya upande anaouacha kwa namna ambayo wenyewe wangekubali kwamba ndiyo yao, naye avute subira.

Tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zinafaa kwa jaribio la aina nyingine. Karibu kila mtu alizikasirikia, na serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo. Wengi walichukulia hasira yao kuwa dalili kwamba wamekuwa watu wa kupinga kodi, hivyo wa mrengo wa kulia. Tazama sababu yako. Kama ulizipinga kwa kuwa zilimbana mama anayemtumia mwanawe nauli huku tajiri akilipa kiasi kisichomgusa, hoja yako ni ya kushoto. Kama ulizipinga kwa kuwa kutoza muamala wenyewe kunawarudisha watu kwenye kubeba fedha taslimu na kudumaza biashara, hoja yako inaelekea kulia. Hasira ni ileile, ila mrengo unatokana na sababu.

Ardhi ndiyo kipimo cha mwisho, na kwa maoni yangu ndicho kinachowarudisha nyuma wengi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na hati unayopewa ni ya haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Mtu wa kulia aliyekamilika angetaka ardhi iuzwe na kununuliwa kama mali nyingine yoyote. Jiulize kama ungekubali hivyo hata katika kijiji chako, ukijua kwamba ndugu zako wangeuza mwaka wa ukame na mnunuzi asingekuwa jirani. Ukikataa, hakuna ubaya. Andika tu kwamba kwenye biashara umehama na kwenye ardhi umebaki. Kuna watu wengi wanaoishi katikati namna hiyo kwa miaka yote, na msimamo wao ni imara kuliko wa yule aliyekubali kila kitu kwa siku moja.

Baada ya daftari lako kujaa, ndipo utazame vyama, na utazame bila kutegemea majina yao. CCM imeandika Ujamaa na Kujitegemea katika katiba yake huku ikisimamia uchumi wa soko. CHADEMA iliasisiwa mwaka 1992 na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, na imekuwa na uhusiano wa kimataifa na vyama vya mrengo wa kulia. CUF imejinasibu na uliberali. ACT-Wazalendo, kwa Azimio lake la Tabora la mwaka 2015, ilitangaza kuirejea misingi ya Arusha, hivyo mtu anayekimbia Ujamaa akakimbilia huko kwa kuwa tu ni upinzani atakuwa amezunguka mlima na kurudi palepale. Soma ilani, na usome zaidi michango ya wabunge wa chama husika wakati wa bajeti, kwa kuwa huko ndiko inakoonekana wanataka fedha itoke wapi na iende wapi.

Katika jambo hili Mtei mwenyewe ni mfano mzuri wa mpangilio ninaoupendekeza. Alikuwa Waziri wa Fedha alipotofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akajiuzulu mwaka 1979, na chama kikaja miaka kumi na mitatu baadaye. Bila shaka kabla ya hapo sheria ya chama kimoja isingemruhusu, lakini hata ukiiondoa sababu hiyo, fikra zake zilikuwa zimekwisha kujulikana zamani kabla hajashika kadi mpya.

Sasa taratibu. Kupiga kura hakuhitaji kadi ya chama. Daftari la wapiga kura haliandiki itikadi ya mtu, kura ni ya siri, na aliyeridhika na hilo anaweza kuishia hapo. Anayetaka kuhama rasmi aandike barua fupi ya kujiuzulu uanachama kwa katibu wa tawi lake, aambatanishe kadi, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri au kusainiwa kuwa imepokelewa. Kama una uongozi wowote, hata ujumbe wa shina, kujiuzulu uongozi huo nako ukutaje waziwazi katika barua hiyo, na ukabidhi vitabu vya ada na mali ya chama kabla hujaondoka. Usijiunge kwingine kabla barua haijapokelewa, la sivyo watasema walikufukuza. Mbunge akumbuke Ibara ya 71 ya Katiba: akiacha chama kilichompeleka bungeni, kiti nacho kinakwenda, na diwani naye yumo katika hali hiyohiyo. Askari wa jeshi, polisi na magereza wamekatazwa na Ibara ya 147 kujiunga na chama chochote, hivyo kwao mwongozo huu unaishia kwenye daftari. Anayefikiri atagombea bila chama ajue kwamba sheria zetu bado hazimruhusu, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, ilitamka mwaka 2013 kwamba zuio hilo linakiuka haki za raia. Na ajue pia kwamba chama anachokichagua huenda kisiwemo kwenye karatasi ya kura, kama ilivyotokea kwa CHADEMA mwaka 2025 baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi.

Sehemu inayoumiza ni watu. Tangu wimbi la mwaka 2017 na 2018, wabunge na madiwani wa upinzani walipohamia CCM wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais, kila anayehama anaulizwa bei. Mzee wa tawi atakutazama na kukuuliza, “Mwanangu, wamekupa ngapi?” Usikasirike wala usianze kueleza uchumi wa dunia. Mjibu kwa adabu: “Shikamoo mzee. Sijapewa kitu. Mambo matatu nimeyafikiria tofauti, na nikiruhusiwa nitayasema.” Kisha uyataje hayo matatu kutoka kwenye daftari, kwa mifano ya korosho au ya ushirika anaoujua yeye. Kwa baba aliyekuwa TANU tangu ujana wake, mpelekee habari mwenyewe kabla hajaisikia kwa majirani, na usiikashifu kazi aliyoifanya. Shule na zahanati za kijiji alizijenga kwa mikono yake, na hoja yako ya leo juu ya viwanda haizifuti.

Mwisho kuna kundi la WhatsApp la tawi. Aga kwa ujumbe mmoja, washukuru viongozi kwa majina yao ya heshima, ujitoe siku hiyohiyo, na usitume chochote cha chama kipya katika kundi la ukoo mpaka watu wamekuuliza wenyewe.