Nidhamu ya kuwinda kulungu kwa upinde: tabia nilizojifunza Ohio kwa kuumia

Jumamosi nilikuwa na mdogo wangu mmoja, mtu wa Tanga, anapiga shifti ya usiku kwenye ghala hapa Columbus, Ohio, Marekani. Msimu uliopita kawarushia mishale kulungu watatu, wawili kakosa na wa tatu kamjeruhi tu akapotea. Ananiambia kaka, labda upinde wangu mbovu. Nikauchukua nikapiga, upinde mzima kabisa, mbovu ni tabia. Nikamwandikia hizi hatua kwenye WhatsApp, naziweka na hapa. (Nasema kulungu kwa sababu huku sote tunamwita hivyo, ila kulungu wa nyumbani ni mnyama mwingine, huyu ni yule wa mkia mweupe.)

Hatua ya 1: mshale mmoja kwa siku

Msimu wa upinde Ohio unafunguliwa mwisho wa Septemba, kwa hiyo wewe anza Juni. Ukiamka, kabla ya chai, toka nje piga mshale mmoja, yadi 20, mwili bado wa baridi, andika kwenye daftari umepiga wapi, rudi ndani. Watu wanapiga 60 Jumapili halafu wanapiga picha ile mitatu ya mwisho iliyokaa vizuri, wakati porini utakayoipata ni ile ya kwanza tu. Na punguzeni uzito wa kuvuta upinde jamani, sheria hapa inataka kuanzia pauni 40, mimi navuta 52 na nyama nakula. Ukiona mtu lazima aelekeze upinde mawinguni ndio auvute, ujue kanunua sifa.

Hatua ya 2: kuachia

Kama pini (ile alama ya kulengea kwenye upinde) ikigusa shabaha tu kidole kinaruka chenyewe, hiyo ni hofu na haitibiwi kwa kupiga mishale mingi. Simama hatua tatu kutoka kwenye shabaha, fumba macho, vuta, halafu rudisha bega nyuma polepole mpaka mshale uondoke bila wewe kuuamuru. Wiki tatu hivyo hivyo bila kulenga chochote. Inachosha balaa. Mimi Muislamu, kwangu kutaja jina la Mungu wakati wa kuachia ni lazima, nikaifanya ndio breki yangu: naitamka Bismillah yote, taratibu, na bega linafanya kazi humo humo. Mshale ukiondoka nikiwa bado kwenye "Bis" najua nimeharibu. Asiye Muislamu atafute neno lake, liwe refu. Rilisi (kile kifaa cha kushika na kuachia uzi wa upinde) nunua ya kidole gumba, zile za kidole cha shahada zinakuzoesha kubonyeza kama swichi ya taa.

Hatua ya 3: dungu na upepo

Hanesi, ile mikanda ya kukushika usianguke, ifungwe kabla mguu haujaacha ardhi. Kichupa cha unga wa kupima upepo mfukoni, upepo ukielekea wanakotokea kulungu watakunusa, rudi nyumbani, hata kama umeendesha mpaka msitu wa Wayne National Forest. Asubuhi jua likipasha ardhi hewa inapanda mlima, jioni inashuka bondeni. Basi.

Hatua ya 4: ukishapiga, KAA

Hapa ndio niliumia. Novemba, mwaka wangu wa pili, saa kumi jioni nikampiga dume mkubwa, akakunja mgongo kama anaumwa tumbo, akaondoka anatembea, hakukimbia. Ile ilikuwa inaniambia kila kitu, kwamba mshale umeingia tumboni, ila mimi sikuwa nasikia, moyo unagonga, nikashuka baada ya dakika kumi. Nikamkuta kalala yadi 80 hivi, akaniona, akainuka akaenda zake, na damu ikaishia hapo hapo. Nilizunguka na tochi mpaka saa tisa usiku. Nikarudi asubuhi, nikarudi na kesho yake, nikakuta kayoti, mbwa mwitu wadogo wa huku, wamemaliza. Mnyama mzima.

Sasa kwenye podo langu nimeandika kwa wino: DK 30 / SAA 6 / SAA 12. Damu ya waridi yenye mapovu ni mapafu, dakika 30 zinatosha. Damu nyekundu nzito iliyokolea ni ini, masaa manne mpaka sita. Mshale ukinuka, au una majani yaliyotafunwa, au ujiuji wa kijani, ni tumbo, usimguse kabla ya masaa manane, na kumi na mbili ni bora. Usipoelewa chagua muda mrefu zaidi. Ila kuna ila zake: joto likiwa kali nyama inaoza, mvua ikija inaosha damu, hapo utapima mwenyewe, lakini hata kwenye mvua mimi wa tumbo namwacha, maana wa tumbo asiyesumbuliwa mara nyingi analala karibu, ukimsumbua ndio anahama kata. Ohio unaruhusiwa mbwa wa kufuata damu akiwa kwenye kamba, tafuta namba ya mwenye mbwa KABLA ya msimu. Akivuka kwenye shamba la mtu, ruhusa ya maandishi kwanza.

Hiyo kusubiri unaifanyaje, maana kila kiungo kinataka kushuka? Natega alamu, naweka simu kwenye begi, naning'iniza upinde mbali na mkono, nakunywa chai ya tangawizi kwenye thamosi yangu. Chai haiwi chini ya vikombe viwili. Ni ujinga lakini inanishikilia kitini. Simu usiishike, ukimpigia mtu tu atakwambia shuka tukaangalie. Ukifika ukakuta bado yuko hai na unataka nyama ya halali, kisu kiwe kikali tayari, usianze kukitafuta kwenye begi.

Hatua ya 5: karatasi

Ripoti ya mnyama uliyemuua kwa idara ya wanyamapori, kwenye simu, kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata. Mdogo wangu alidhani ana wiki nzima.